Sekta ya Magari ya Ndani na Thamani Yake katika Uchumi wa Dunia

Sekta ya magari ya ndani ni jumla ya shughuli za kubuni, kuunda na kuunganisha magari zinazofanyika ndani ya mipaka ya nchi, pamoja na viwanda vinavyoyatengenezea magari hayo vioo, springi, betri, viti na rangi. Thamani yake kwa taifa hupimwa kwa kiasi cha bei ya gari kinachobaki nchini kama mishahara, faida, kodi na ujuzi. Nembo iliyobandikwa kwenye boneti haiongezi lolote katika hesabu hiyo.

Msafiri anayetoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Kericho anaweza kuiona tofauti hii kati ya nembo na thamani kabla hata ya kulipa nauli. Matatu ya abiria 14, ambayo watu huiita nissan hata inapokuwa Toyota, kwa kawaida iliteremshwa Mombasa ikiwa gari kamili lililokwisha kutumika Japani, na kazi iliyofanyiwa hapa ni ya kutia viti, mikanda na pengine madirisha. Basi dogo la abiria 33 lililoegeshwa kando yake lina historia nyingine. Chesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, na injini yake huletwa zikiwa vipuri vya kuunganishwa Nairobi, kisha chesi hupelekwa kwa waundaji bodi, ambako mafundi hukata na kuchomelea vyuma, hupigilia mabati, hushona viti, hupitisha nyaya za umeme na kupaka rangi. Injini ni ya kigeni, lakini sehemu kubwa ya kazi na sehemu nzuri ya fedha hubaki nchini. Kwa maoni yangu, basi hilo lenye nembo ya Kijapani ni la Kenya zaidi kuliko gari ambalo lingepewa jina la Kiswahili na kuletwa likiwa limekamilika.

Kenya haikuanza jana. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vitatu vya kuunganisha magari, Thika, Nairobi na Mombasa, na serikali ikawa na hisa humo. Kile cha Nairobi kilikuwa cha General Motors hadi mwaka 2017, Isuzu iliponunua hisa zake. Vipuri vya kuunganishwa huingia bila ushuru wa forodha, ilhali gari kamili hutozwa. Kinga hiyo ilipungua nguvu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari ya mtumba yakafurika, na hadi leo magari ya mtumba yasiyozidi umri wa miaka minane yanaruhusiwa kuingia. Mwalimu wa Kakamega anayetafuta gari la bei anayoimudu hawezi kulaumiwa kwa kuchagua hilo, na yeyote anayependekeza lipigwe marufuku anapaswa kueleza ni nani atakayelipa tofauti ya bei.

Ugumu wenyewe uko katika wingi. Kalibu ya kukandamizia bati la mlango mmoja ni ghali mno, na gharama yake ni lazima igawanywe kwa idadi ya milango itakayotoka. Kiwanda kinachotoa magari 200,000 kwa mwaka huimeza gharama hiyo bila kuisikia, ilhali mauzo ya magari mapya nchini Kenya katika miaka ya karibuni yamekuwa kati ya 10,000 na 15,000 hivi kwa mwaka, yakiwa yamegawanyika katika aina nyingi. Hapo ndipo gari la Nyayo, jaribio la Kenya la kutengeneza gari lake yenyewe, lilipokwama. Rais Moi aliwapa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi jukumu hilo mwaka 1986, magari ya majaribio yakaonyeshwa mwaka 1990, lakini fedha na soko la kuyatoa kwa maelfu havikupatikana. Mitambo ya mradi huo iliishia kutengeneza vipuri, kazi ambayo huenda ndiyo iliyofaa kutangulia.

Hata mataifa yaliyofanikiwa hayakutengeneza kila kitu. Hyundai Pony ya Korea Kusini ya mwaka 1975 ilichorwa na Mwitaliano, Giorgetto Giugliaro, na injini yake ilitokana na teknolojia ya Mitsubishi. Wakorea walijifunza sehemu moja baada ya nyingine, na mwaka 1991 kampuni hiyo ikatoa injini yake yenyewe. Moroko ilichagua njia tofauti, ya kuwa karakana ya Ulaya: Renault ilifungua kiwanda Tangier mwaka 2012, na watengenezaji wa vipuri wakaifuata. Kwa upande mwingine, Australia, ambayo wananchi wake hununua magari mapya zaidi ya milioni moja kwa mwaka, ilishuhudia Ford ikifunga uzalishaji mwaka 2016, kisha Toyota na Holden, chapa ya Australia iliyomilikiwa na General Motors, mwaka 2017. Soko kubwa lilikuwepo, lakini gharama zilikuwa juu na magari ya nje yaliingia kwa urahisi. Nakuru ina mfano wake, ingawa si wa magari: kiwanda cha betri za tochi cha Eveready kilifungwa mwaka 2014, na kampuni ikageukia kuuza betri kutoka nje.

Kwa nini basi nchi zihangaike? Kwa sababu ujuzi wa gari hausimami kwenye gari. Fundi aliyezoea kupima chuma kwa usahihi wa sehemu ya milimita anaweza kutengeneza pampu ya maji au roli za kusagia miwa za kiwanda cha sukari, na ujuzi huo hauwezi kununuliwa pamoja na gari la mtumba.

Magari ya umeme yameufungua mjadala upya, kwa kuwa mota yake ina sehemu chache kuliko injini ya dizeli. Jinja, ng'ambo ya mpaka wa Busia, Kiira Motors ya Uganda inaunda mabasi ya umeme ya Kayoola. Je, basi kama hilo lenye betri ya kigeni lihesabiwe kuwa bidhaa ya Afrika na kuuzwa bila ushuru barani? Jibu limo katika kanuni za asili ya bidhaa za Eneo Huru la Biashara la Afrika, yaani masharti ya kuamua bidhaa ihesabiwe kuwa ya wapi, ambazo kwa upande wa magari zimebishaniwa kwa muda mrefu. Kiwango cha vipuri vya Kiafrika kikiwekwa juu mno, wengi watashindwa kuingia. Kikiwekwa chini mno, kiwanda cha kukaza boliti tu kitapewa haki sawa na kile kinachonunua viti na springi kutoka kwa mafundi wa Nakuru na Kisumu.