Shakespeare na Cervantes hawakufa siku moja, jamani

Aprili imeingia na imeshaanza. Sijui nani huwa anaifufua ile posti, ila ikikaribia tarehe 23 lazima niletewe, tena na watu ninaowaheshimu: je wajua, Shakespeare na Cervantes, vigogo wa fasihi ya Uingereza na Hispania, walifariki siku moja, 23 Aprili 1616! Halafu imoji za kushangaa tatu nne. Mwaka huu nimeisikia mpaka redioni, mtangazaji kaisoma kama anatangaza muujiza, na mgeni wake aliyetambulishwa kama mtaalamu akaitikia "ni kweli kabisa". Basi nimeona niandike mara moja, atakayeniletea tena namtumia linki tu.

Kazi yangu ni makaratasi ya zamani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni tarehe: hii barua ya lini, hii imetangulia ile au imeifuata. Kwa hiyo mtu akiniambia "tarehe 23" swali langu la kwanza ni tarehe 23 ya nani.

Tarehe zote mbili zinatajwa kama 23 Aprili 1616, hilo sikatai. Ila ni za kalenda mbili. Hispania ilihamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo iliyoagizwa na Papa Gregori, Oktoba 1582, watu wa Madrid walilala Alhamisi tarehe 4 wakaamka Ijumaa tarehe 15. Waingereza walikuwa wameshakorofishana na Roma, agizo la Papa wakaliacha lilale, wakabaki na kalenda ya Juliasi, ile ya zamani, mpaka Septemba 1752. Karne ile ya 17 tofauti ilikuwa siku 10. Maana yake siku Shakespeare anakata roho kwao Stratford, Uingereza, kule Madrid ni tarehe 3 Mei, na Cervantes ameshazikwa siku kumi zilizopita. Ndiyo hivyo, hakuna muujiza.

Kama huniamini chukua simu yako, fungua kalenda, rudi Aprili 2016. Kalenda ya Gregori inajirudia yenyewe kila miaka 400, siku za wiki zinaangukia palepale, kwa hiyo Aprili 2016 ni Aprili 1616 ya Madrid bila kubadilisha kitu. Tarehe 23 ni Jumamosi. Sasa songa siku kumi mbele mpaka 3 Mei, unapata Jumanne, na ndiyo siku ya wiki aliyokufa Shakespeare. Papa aliruka tarehe, siku za wiki hakuzigusa, Alhamisi ilifuatwa na Ijumaa kama kawaida. Sasa mtu afe Jumamosi na mwingine afe Jumanne halafu useme wamekufa siku moja, hapo ndipo mimi hushindwa kabisa kukuelewa.

Na sisi wa pwani tuna kipimo kingine kizuri zaidi ambacho hakijui Papa wala malkia, mwezi. Tarehe 23 Aprili ya Madrid kwa hesabu ya jedwali ni 6 Mfunguo Saba 1025 Hijria, na siku ya Shakespeare ni 16 Mfunguo Saba 1025. Ongeza au punguza siku moja, manake jedwali na mwandamo havielewani sikuzote, mnajua wenyewe Idi inavyotugawa watu wa mtaa mmoja. Lakini siku kumi haiwezi kuwa ugomvi wa mwandamo. Cervantes alikufa mwezi haujafika hata nusu, Shakespeare alikufa mwezi umeshapevuka na umeanza kupungua. Mtu yeyote aliyetazama juu usiku ule angeona tofauti.

Haya, sasa yale ambayo posti haisemi. Huyo Cervantes mwenyewe inawezekana kabisa hakufa tarehe 23. Kitabu cha parokia ya San Sebastián, Madrid, kinamuandika tarehe 23, lakini wengi waliochunguza wanaona tarehe za kitabu kile ni za maziko, kwa hiyo kifo wanakiweka Ijumaa tarehe 22. Mimi niko upande wa 22, ila sitaapa, karani wa parokia hakuwa anatuandikia sisi. Tunachojua ni kwamba tarehe 19 bado alikuwa na nguvu ya kuandika tabaruku ya kitabu chake cha mwisho kwa bwana mmoja mkubwa, kabaila wa Lemos, na anasema wazi humo kwamba ameshapakwa mafuta ya wagonjwa. Mzee aliyelemaa mkono wa kushoto vitani Lepanto 1571, akakaa mateka Algiers miaka mitano, anajua anakufa na bado anaandika.

Shakespeare naye usidhani yuko salama. Kitabu cha kanisa la Stratford kinatoa maziko tu, 25 Aprili. Hiyo 23 tunaitoa kwenye sanamu yake ya ukumbusho ukutani ndani ya kanisa, iliyowekwa baadaye. Na maandishi yake yanasema mwaka wa 53 wa umri wake, ambapo watu wanasoma haraka haraka wanasema alikufa na miaka 53. Alibatizwa 26 Aprili 1564, piga hesabu mwenyewe, alikuwa na miaka 52, anauanza wa 53. Na ile habari kwamba alizaliwa pia 23 Aprili ni makisio, ubatizo ndio umeandikwa, kuzaliwa hakukuandikwa.

Mpaka hapo wengi huwa wananiambia sawa tumeelewa, tunaongeza siku kumi. HAPANA. Na hili kundi la pili linaniudhi kuliko la kwanza, maana la kwanza halijui, hili limejua nusu na sasa linasahihisha dunia nzima. Nimekutana na mtu amechukua orodha ya matukio ya 1616 akaongeza siku kumi kila mahali, kama anaweka chumvi. Dirk Hartog, yule nahodha Mholanzi aliyeshuka kisiwani magharibi ya Australia na kuacha sahani ya pewta imepigiliwa kwenye nguzo, sahani inasema 25 Oktoba 1616. Jamaa kaifanya 4 Novemba. Kisa? "Waholanzi walikuwa Waprotestanti." Ni Waprotestanti kweli, lakini Holland na Zeeland walishahamia kalenda mpya tangu mwanzoni kabisa, ni majimbo mengine kama Utrecht na Friesland yaliyobaki nyuma mpaka 1700 na 1701. Meli ilitoka Amsterdam. Tarehe ya sahani ni ya Gregori tayari, iko vile ilivyo, iache. Sahani yenyewe ipo Rijksmuseum, nenda kaisome. (Meli yake iliitwa Eendracht, na mwaka huohuo Schouten na Le Maire walizunguka Cape Horn, 29 Januari, na meli inayoitwa Eendracht pia. Ni meli mbili tofauti. Msinianzishie lingine.)

Au Galileo, yule mwanaastronomia wa Italia. Kardinali Bellarmine alimuita na kumuonya Roma 26 Februari 1616, na tarehe 5 Machi kitabu cha Copernicus, kile kinachosema dunia inazunguka jua, kikasimamishwa mpaka kirekebishwe. Roma! Nyumbani kwa kalenda yenyewe! Na huko nako jamaa kaongeza kumi.

Tokugawa Ieyasu, yule mtawala wa kijeshi wa Japani, ndiyo kabisa, hana hata Gregori wala Juliasi. Wajapani waliandika amekufa siku ya 17 ya mwezi wa nne, mwaka wa pili wa enzi ya Genna, ambayo ukiigeuza inakuwa 1 Juni 1616. Sasa ukute mtu anaandika amekufa 17 Aprili. Nurhaci aliyejitangaza khani wa Wamanchu, huko kaskazini mashariki ya China, mwanzoni mwa mwaka huo, hadithi ni hiyohiyo, hesabu ya mwezi na jua pamoja, kila tarehe lazima igeuzwe moja moja.

Na tukirudi kwa Shakespeare, hata yeye mimi simuongezei. Yeye na majirani zake waliishi katika tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George, ungewaambia ni 3 Mei wangekuona umelewa. Ninachofanya ni kuacha tarehe kama ilivyoandikwa na kuweka pembeni kalenda gani. Kugeuza nageuza pale tu ninapolinganisha watu wa nchi mbili, basi.

Sasa siku kumi ni kitu kidogo ukilinganisha na mwaka mzima, na hili ndilo linalowapiga watu chenga hasa. Uingereza wakati ule mwaka wa kiserikali na wa kanisa haukuanza Januari, ulianza 25 Machi. Yaani baada ya 31 Desemba 1615 ilifuata 1 Januari 1615, na ikaendelea 1615 mpaka 24 Machi, kesho yake ndiyo 1616. Mtunzi wa tamthilia Francis Beaumont alikufa 6 Machi 1616 kwa hesabu yetu, wenyewe waliandika 1615. Wataalamu huandika 1615/16 kukwepa balaa, halafu mtu wa mtandao anakuja anaona mkwaju (/) anadhani hatuna uhakika wa mwaka.

Pocahontas, binti wa chifu wa wenyeji wa Virginia, Marekani, ndiye kielelezo changu cha siku zote. Alifika Uingereza kutoka Virginia Juni 1616. Alizikwa hukohuko Uingereza, mjini Gravesend, na kitabu cha kanisa kinasema 21 Machi 1616, ukisoma hivyo hivyo bila akili, amezikwa miezi mitatu kabla hajafika. Ni Machi 1617 yetu, zilikuwa zimebaki siku nne mwaka wao ubadilike. Na karani kakosea hata jina la mume, kaandika Thomas Wroth badala ya John Rolfe, kwa hiyo ukiikuta ile rekodi bila kujua hesabu ya mwaka una haki ya kudhani ni mwanamke mwingine.

Wosia wa Shakespeare mwenyewe uko hapohapo kwenye mpaka. Ukiangalia picha yake, mstari wa juu umeandikwa kwa Kilatini siku ya ishirini na tano ya Januari, halafu Januari imekatwa, juu yake pameandikwa Machi, na mwaka 1616. 25 Machi, siku ya kwanza kabisa ya mwaka mpya wa Kiingereza. Na panatajwa mwaka wa 14 wa mfalme James, ambao ulikuwa umeanza jana yake tu, 24 Machi. Sasa kama karani aliandika kweli Januari, ilitakiwa iwe mwaka wa 13 na 1615. Je, alinakili rasimu ya zamani, akili ikamteleza kwenye mwezi ila mwaka akaupatia? Au ukurasa wa kwanza uliandikwa upya baada ya binti yake Judith kuolewa Februari, na neno Januari likabebwa bila kufikiri? Mimi naelekea kwenye hilo la pili, kwa sababu mambo ya Judith ndiyo yaliyohitaji kubadilishwa, lakini sina cha kuthibitisha na wanaosema wamethibitisha nao hawana.

Mtu ataniuliza haya yanatuhusu nini huku. Agosti 1616 hiyohiyo meli nne za Waingereza zikielekea Surat, India, zilikutana na meli kubwa ya Wareno karibu na Ngazija, wakapigana, mkuu wa msafara wa Kiingereza Benjamin Joseph akauawa, na meli ya Wareno ikaishia kuvunjika kwenye ufuo wa Ngazija. Waingereza wana Juliasi, wanaliweka pambano mwanzoni mwa Agosti. Wareno wana Gregori, kwao ni katikati ya Agosti. Na Mngazija aliyekuwa ufukweni anatazama moshi, kwake ni mwanzoni mwa Shaabani 1025. Nimeona mtu akieleza mapigano mawili. Ni moja! Ukisoma habari za pwani yetu za karne ile jiulize kwanza karatasi ni ya nani, kabla hujajaza bahari vita ambavyo havikupiganwa.

Waliozaliwa mwaka huo wanapita kwenye chekeche hilohilo. Nicholas Culpeper wa mitishamba, 18 Oktoba, na John Wallis aliyetupa ile alama ya isiyo na mwisho ∞, 23 Novemba, wote Waingereza, wote Juliasi. Ukikuta mahali Wallis kaandikwa 3 Desemba usiseme kuna ubishi, ni siku ileile imegeuzwa.

Na kabla hamjanitumia ile nyingine, ya Galileo kufa mwaka aliozaliwa Newton, 1642, roho ikahamia sijui wapi. Galileo alikufa 8 Januari 1642 kwa kalenda ya Roma. Newton alizaliwa Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya Uingereza, ambayo Roma ni 4 Januari 1643. Wapime wote kwa Gregori, mmoja 1642 mwingine 1643. Wapime wote kwa Juliasi, Galileo anarudi 29 Desemba 1641 na Newton anabaki 1642. Huo mwaka mmoja unaupata tu ukimpima kila mtu kwa kalenda ya kwao halafu ukajifanya ni kalenda moja. Hiyo nitaiandikia ya kwake Januari, maana najua inakuja.