Hasara "zote" si zote: kifungu cha fidia kinavyosomwa

Mteja akishaona "hasara zote, madai yote, gharama zote" kwenye kifungu cha fidia, yaani ahadi ya mkataba kwamba upande mmoja utabeba hasara ya mwingine, huacha kusoma, kisha ananipigia simu akiwa ameshashinda kesi kichwani. Jamani, orodha ile inataja tu aina za hasara. Kinachoamua ni mkia wa sentensi: zinazotokana na nini? Dai la nani? Lililopelekwa wapi?

Someni Wood dhidi ya Capita, Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2017. Capita ilinunua kampuni ya udalali wa bima ya magari. Baadaye ikabainika kuwa wateja waliuziwa bima kwa kupotoshwa. Kampuni yenyewe ikaenda kujieleza kwa mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha, ikaishia kuwalipa wateja fidia. Mnunuzi akamgeukia muuzaji: si uliahidi kunifidia? Mahakama ikaufuata mkia wa kifungu: hasara zinazotokana na madai au malalamiko yaliyosajiliwa kwenye mamlaka. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika. Capita ikashindwa.

"Hiyo si akili ya kibiashara!" wateja huniambia. Nimelichoka hili. Mkataba uleule ulikuwa na dhamana pana za muuzaji, yaani ahadi zake kuhusu hali ya kampuni, ila dai lilipaswa kuletwa ndani ya miaka 2. Ulinzi mpana wenye muda mfupi, pembeni yake fidia finyu isiyofungwa na muda huo: wafanyabiashara wenye mawakili hukubaliana hivyo kila siku. Anayekosa tarehe kwenye dhamana asitarajie jaji amtanulie kifungu cha fidia ili kumwokoa. Jaji husoma mlichoandikiana, hata kama upande mmoja ulipatana vibaya.

Uzembe, kwa haraka: ukitaka mwenzako akufidie hata kwa uzembe wako mwenyewe, uandike waziwazi. Tangu kesi ya Canada Steamship, 1952, iliyoweka namna ya kusoma vifungu visivyotaja uzembe, ukimya umewagharimu wengi. Majaji wa leo wanaichukulia kama mwongozo tu, si sheria kavu, na kati ya kampuni kubwa zilizogawana hatari kwa makusudi uzito wake umepungua. Umepungua kiasi gani? Wateja hunidai asilimia, nami nawapa, lakini ni kubahatisha kwa suti.

Na je, anayefidiwa ana wajibu wa kupunguza hasara yake? Vitabu hujibu kwa sentensi moja tulivu. Mimi nimebishana pande zote mbili, na kila mara nilikuwa na hoja za kutosha. Kwa hiyo kama mnalitaka sharti hilo, liandikeni.

Kabla hamjagombania maana, fungueni kifungu cha taarifa ya madai, kinachosema dai litaarifiwe lini na vipi. Muda ukiwa umepita, hayo mengine mtanilipa bure.