Tramadoli: maswali tunayoulizwa Goma

Je, tramadoli inaongeza nguvu?

Hapana. Ni dawa ya kutuliza maumivu. Mwendesha chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) anayeimeza kabla ya kuteremsha viazi kutoka Kibumba, kaskazini ya Goma, anaumia mgongo na magoti kama kawaida, ila ubongo haupati habari. Ini huigeuza dawa hii kuwa kitu kikali zaidi, kinachofanya kazi mahali palepale pa morfini, dawa kali ya maumivu. Pia huzidisha serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo, ndiyo maana wengine huchangamka. Inachukua kama saa nzima kuanza kusikika. Wengi huona "bado", huongeza, kisha vipimo viwili vinawapiga kwa pamoja.

Kipimo ni kipi?

Kwa mtu mzima, miligramu 50 hadi 100 kila saa 4 hadi 6, isizidi 400 kwa siku, tena kwa karatasi ya muganga. Tembe zile za miligramu 200 kwa kawaida zimetengenezwa ziyeyuke polepole. Ukizitafuna, dawa yote inaingia mara moja. Mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi kabisa.

Na kifafa?

Kinaweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kukipata, hasa akizidisha. Usimtie kijiko mdomoni. Kikipita dakika 5, hopitali.

Nikichanganya na kanyanga (pombe kali) au Valium (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi)?

Hapo ndipo watu hufia usingizini. Vyote vinapunguza kasi ya sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua. Mtu anakoroma kwa sauti ya maji kooni, familia inasema "mwacheni alale", kumbe anaishiwa hewa.

Tumkute haamki, tufanye nini?

Mwite, mfinye begani. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: chini ya 10 ni hatari. Angalia ndani ya midomo na kucha kama zimegeuka buluu. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini, kisha tafuteni motari (pikipiki) au gari mumpeleke hopitali. Maziwa na mafuta ya mawese msimpe: asiyeamka hamezi, vinaingia mapafuni. Hopitali wana nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya tramadoli, lakini inaisha nguvu kabla ya tramadoli, hivyo msimrudishe nyumbani mara tu anapofumbua macho.

Nimezoea, niache vipi?

Usikate ghafla. Utahara, utatoka jasho, mifupa itauma, usingizi utapotea. Muganga akupunguzie kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukishaacha, mwili unapoteza mazoea haraka: kipimo chako cha zamani kinaweza kukuua.