Je, wajua kwa nini bakteria hunakili uzi mmoja wa DNA kwa vipandevipande?

Escherichia coli, bakteria anayeishi utumboni mwetu, ana DNA ya mviringo yenye jozi za besi, yaani "herufi" za DNA, zipatazo milioni 4.6, na huinakili yote kwa dakika 40 hivi. Kazi huanzia mahali pamoja. Kutoka hapo vikosi viwili vya vimeng'enya, protini zinazofanya kazi za seli, hushika njia, kila kimoja upande wake, mpaka vikutane ng'ambo ya duara.

Helikasi hutangulia ikitenganisha nyuzi mbili za DNA. Anayenakili hasa ni polimerasi III, ambayo huunganisha nyukleotidi, vijenzi vya DNA, kama 1,000 kila sekunde. Ila ina masharti. Haianzi uzi mpya patupu, hivyo kimeng'enya kingine, primasi, huiwekea kwanza kipande kifupi cha RNA, molekuli inayofanana na DNA. Tena hunakili kuelekea upande mmoja tu, ilhali nyuzi mbili za DNA zimelala kinyume.

Basi uzi mmoja hunakiliwa mfululizo, polimerasi ikiifuata helikasi. Uzi wa pili una kazi: kila sehemu mpya inapofunguka, primasi huweka RNA nyingine, na polimerasi hunakili kurudi nyuma hadi igote kwenye kipande kilichotangulia.

Waliogundua hayo ni Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke, katika Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, miaka ya 1960. Jaribio lao ni zuri mno. Waliwapa bakteria malighafi ya DNA yenye mionzi kwa sekunde chache tu, wakaikuta kwenye vipande vifupi. Walipowaacha muda mrefu zaidi, mionzi ilionekana kwenye nyuzi ndefu. Maana yake vipande huundwa kwanza, kisha huungwa. Kila kimoja kina nyukleotidi 1,000 hadi 2,000. Polimerasi I huondoa RNA na kujaza DNA mahali pake, halafu ligasi huziba kiungo.

Mbele ya helikasi nako kuna tatizo. Nyuzi zimesokotana, na ukizitenganisha msokoto hukazana mbele, kama kamba ya usumba inayofumuliwa huku ncha ya pili imefungwa. Kimeng'enya kiitwacho girasi hukata DNA, huipunguzia msokoto, kisha huiunga tena. Dawa ya siprofloksasini huishika girasi katikati ya kazi hiyo, DNA ikiwa bado imekatika, na bakteria hufa.