Mtambo wa Simu wa Ofisi na Wanaoupiga Hodi Usiku

"Nani atahangaika kuiba simu ya mezani?" Swali hilo nimeulizwa na wakuu wa idara zaidi ya mmoja, kila mara kwa kicheko, na kila mara nikiwa nimekwenda kuomba fedha za kulinda mtambo wa simu. Siwalaumu. Simu ya mezani imekaa pale pembeni ya mafaili, ina vumbi, na nusu ya wafanyakazi wanapigiana kwa simu zao za mkononi. Yenyewe haina cha kuibwa. Kinachoibwa ni dakika, na dakika zina bei.

Mtambo wa simu wa ofisi, ule ambao wengi bado tunauita PABX, zamani ulikuwa kabati la nyaya nyuma ya mapokezi. Siku hizi ni kompyuta. Mara nyingi ni seva ndogo inayoendesha Asterisk, programu huria ambayo Mark Spencer aliianza mwaka 1999 kule Alabama, Marekani, au ni kisanduku cha mzabuni chenye programu ya aina hiyo ndani. Simu za mezani zimechomekwa kwenye mtandao uleule wa kompyuta za ofisi, na laini za nje zinaingia kwa njia ya intaneti kutoka kampuni ya simu. Ila kompyuta hii ina jambo moja ambalo ile ya masijala haina: inaweza kutumia pesa za ofisi bila kumuuliza mhasibu.

Mwizi anafanya hivi. Anakodi namba za malipo ya juu katika nchi ambako kupiga simu ni ghali, na kila dakika inayopigwa kwenda kwenye namba hizo, sehemu ya malipo inamrudia yeye. Kisha anatafuta mtambo wa ofisi uliolegea, anauamuru upige namba zake, na kuziacha simu hewani. Hakuna anayeongea. Kampuni yenu ya simu inadaiwa na kampuni ya ng'ambo, nanyi mnadaiwa na kampuni yenu. Mwezi Machi 2014 ofisi ya wasanifu majengo yenye watu saba tu, mjini Norcross katika jimbo la Georgia, Marekani, ilijikuta na bili ya dola 166,000 kwa simu za mwisho wa wiki mmoja kwenda Gambia, Somalia na Maldives. Gazeti la New York Times lililoandika habari hiyo lilieleza kwamba kwa matumizi yao ya kawaida ingewachukua miaka 34 kufikia kiasi hicho.

Piga hesabu ya kwenu. Laini ya E1, aina ya laini ya kidijitali ambayo kampuni za simu huzipa ofisi, inabeba simu 30 kwa wakati mmoja. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60. Hizo ni dakika 108,000. Zidisha kwa bei ya dakika ya kimataifa iliyo kwenye mkataba wenu. Mimi sitaki kumharibia mtu siku. Na hapo sijaweka Pasaka, wala Idi iliyoangukia Alhamisi.

Mlango unavyofunguliwa

Ofisi nyingi hazikuibiwa kwa ujanja wa ajabu. Mlango ulifunguliwa na watu wa ndani, kwa nia njema, siku moja mchana.

Chukua mfano huu, ambao kila fundi wa simu atautambua. Afisa manunuzi amehamishiwa Dodoma, namba yake ya ndani iko Dar es Salaam, na mkurugenzi anataka mtu akipiga 214 ampate popote alipo. Fundi anaweka programu ya simu kwenye laptopu ya afisa, anafungua poti 5060, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na simu za intaneti, kwenye ruta ya ofisi, simu inaita. Lakini yule wa Dodoma anasikika huku, yeye kule hasikii kitu. Tatizo hili ni la zamani katika simu za intaneti. Maelekezo ya kuunganisha simu hupita poti moja, sauti yenyewe hupita poti nyingine kabisa, ambazo kwa Asterisk kwa kawaida ni kati ya 10000 na 20000, na ruta inayobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje inaipotezea sauti njia. Dawa yake inajulikana: mtambo uelezwe anwani yake ya nje, na kile kipengele cha ruta kinachoitwa SIP ALG, ambacho kimetengenezwa kusaidia na mara nyingi kinaharibu, kizimwe.

Kuitafuta dawa hiyo, hata hivyo, kunataka saa mbili tatu. Fundi ana kazi nyingine Kibaha alasiri hiyohiyo, na mkurugenzi amesimama mlangoni. Basi anautoa mtambo mzima nje ya faya-woli, ule ukuta unaowazuia wageni wa intaneti. Papo hapo sauti inasikika pande zote mbili, watu wanamshukuru, hati ya kupokea kazi inasainiwa. Tangu dakika hiyo mtambo unaonekana dunia nzima.

Kugunduliwa hakuchukui muda. Kuna programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikipiga hodi kwenye poti 5060 ya kila anwani. Maarufu kuliko zote ni SIPVicious, iliyotengenezwa kwa ajili ya wakaguzi wa usalama na wezi nao wakaichukua. Kwenye kumbukumbu za mtambo mara nyingi utaiona ikijitambulisha kama "friendly-scanner", yaani mkaguzi rafiki. Nyumba ikiitikia, hatua ya pili ni kuuliza majina: 100 yupo? 101 yupo? 102? Mtambo uliowekwa vibaya hujibu tofauti kwa namba iliyopo na isiyokuwepo, kwa hiyo unamsomea mgeni orodha nzima ya wafanyakazi. Hatua ya tatu ni kubahatisha nywila. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako nywila ya ekstensheni (namba ya ndani) 100 ilikuwa 100, ya 101 ni 101, hadi mwisho wa safu. Aliyezipanga alisema alitaka ziwe rahisi kukumbuka. Nani alihitaji kuzikumbuka? Nywila ya ekstensheni huingizwa mara moja kwenye kifaa, basi. Inaweza kuwa na herufi 20 zisizo na maana yoyote na hakuna atakayeteseka.

Wapo wanaobadilisha poti kutoka 5060 kwenda namba nyingine na kujiona wamemaliza. Kelele kwenye kumbukumbu zitapungua, hilo ni kweli, na ni faida. Lakini anayekutafuta kwa makusudi atakupata. Hivyo hivyo kwa fail2ban, inayomfungia nje anayekosea nywila mara kadhaa: iwekeni, ila mjue mwizi mwenye anwani mia moja hukosea mara moja kwa kila anwani.

Aingie kwanza ndani, ndipo apige simu

Msimamo wangu ni mmoja na nimeuandika kwenye kila ripoti: mtambo wa simu usiitikie hodi yoyote kutoka intaneti isipokuwa ya kampuni inayowapa laini za nje. Anwani za kampuni hiyo zinajulikana, ni chache, na faya-woli inaruhusu hizo tu. Mfanyakazi aliye Dodoma, Moshi au nyumbani kwake Mbagala asiugonge mtambo moja kwa moja. Aingie kwanza kwenye mtandao wa ofisi kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti hadi ofisini, kisha programu yake ya simu ijisajili kama vile amekaa kwenye dawati lake. Kwa njia hii lile tatizo la sauti ya upande mmoja nalo huondoka, maana VPN inampa anwani ya ndani.

Mtu atauliza: kwa nini tusiruhusu tu anwani za nyumbani za wafanyakazi? Kwa sababu wengi wanatumia data ya simu, ambako anwani hubadilika kila mara na wateja wengi wa kampuni moja hutokea nje kwa anwani moja. Ukimfungulia mfanyakazi wako, umewafungulia na majirani usiowajua.

WireGuard na OpenVPN zote zinafaa na hazina ada ya leseni. Simu nyingi za mezani za Yealink na Grandstream zina OpenVPN ndani yake, kwa hiyo hata anayetaka simu halisi mezani nyumbani anaweza kuipata. Angalizo moja la kiufundi: VPN ipite kwa UDP, njia ya kutuma data isiyosubiri kilichopotea. Ikipita kwa TCP, kifurushi kimoja kikipotea vingine vyote vinakisubiri, na sauti inakatikakatika kama redio ya betri zilizochoka. Kuhusu bando, saa moja ya maongezi kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida ya G.711 hula karibu MB 80, na VPN inaongeza kidogo juu yake, kwa G.729 matumizi hushuka sana.

Kila mtu awe na ufunguo wake wa VPN, usiwepo mmoja wa idara nzima. Laptopu ikiibwa stendi, unafuta ufunguo mmoja na kazi inaendelea. Na hapa nawageukia maafisa utumishi: mfanyakazi anapoondoka, fomu yake ya makabidhiano ina kitambulisho, laptopu, funguo za gari na deni la chama cha kukopa. Ekstensheni haimo. Nimeona namba za ndani za watu waliostaafu zikiendelea kuwa hai mtamboni.

Kwa walio Tanzania kuna jambo la kisheria lisisahaulike. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN kusajili matumizi hayo. VPN ya simu za ofisi ni matumizi halali ya kikazi. Isajilini, barua ikae kwenye faili.

Wauzaji watawaambia pia habari za TLS na SRTP. Ni vitu vizuri: TLS huficha maelekezo ya simu, nani anampigia nani, na SRTP huficha sauti yenyewe isisikilizwe njiani. Havimzuii aliyebahatisha nywila. Mwizi mwenye nywila sahihi atapiga simu zake Somalia kwa usiri mkubwa kabisa.

Kisha kuna ukurasa wa usimamizi, ule ambao fundi anaufungua kwenye kivinjari kuongeza namba na kuona bili. Huo usionekane nje kabisa, hata kwa dakika tano, hata kwa nywila ngumu. Agosti 2025 wanaotumia FreePBX, ambayo ni sura ya usimamizi inayokaa juu ya Asterisk, walipata somo. Ufa uliopewa namba CVE-2025-57819, wenye alama 10 kati ya 10 kwa ukali, ulikuwa unatumiwa na wavamizi kabla ya kiraka kutolewa, na haukuhitaji nywila yoyote. Walioumia ni wale ambao ukurasa wao ulikuwa unafikika kutoka intaneti.

Mzabuni naye huacha njia yake. Mara nyingi ni AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, kwenye kompyuta ya mapokezi, isiyozimwa usiku "ili akihitajika asisumbuke kuja". Nywila yake ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp miaka mitatu iliyopita, na kwenye kundi hilo wamo mafundi wawili waliokwishaacha kazi kwake. Mpeni ufunguo wa VPN unaowashwa anapoitwa na kuzimwa akimaliza.

Akiingia, asikute pochi wazi

Tuseme yote hayo yameshindwa na mtu ameingia. Hasara itategemea mtambo unaruhusiwa kupiga wapi. Ofisi nyingi hupiga simu za nje ya nchi mara chache kwa mwezi, lakini mtambo wao umeruhusu dunia nzima saa 24. Fungeni simu za kimataifa kwa wote, kisha wafungulieni wachache kwa PIN, saa za kazi. Na mkifunga, fungeni kweli. Fundi huzuia 000 na kuondoka. Amesahau kwamba namba inaweza kupigwa kwa alama ya kujumlisha, na kwamba kutoka Tanzania tuna 005 ya kwenda Kenya na 006 ya kwenda Uganda.

Zuieni pia namba za ndani kuhamisha simu kwenda nje, maana mwizi akishaingia anaweza kuielekeza 214 kwenye namba yake ya ng'ambo, halafu akaipigia 214 kwa simu ya kawaida. Ile huduma ya zamani ya kupiga ofisini, kuweka PIN na kupewa laini ya nje, iondoeni. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, na kompyuta haichoki kujaribu. Mwisho, ombeni kampuni ya simu iweke ukomo wa matumizi kwa siku, au laini ziwe za kulipia kabla. Salio likiisha, wizi umeisha.

Ikiwa tayari mmeibiwa, chomoeni waya wa intaneti wa mtambo. Kubadilisha nywila peke yake hakukati simu zilizo hewani. Pigieni kampuni ya simu muda huohuo, si baada ya kikao, kwa sababu wanaweza kuzifunga namba zile kabla hasara haijakua. Msifute wala kusimika upya chochote hadi orodha ya simu zilizopigwa na kumbukumbu za mtambo zinakiliwe. Polisi watazihitaji chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, nacho kipewe taarifa. Kwa Kenya, mahali pa kupeleka ni KE-CIRT/CC, kitengo kama hicho cha Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Mkirudisha mtambo kazini, tumieni chelezo (nakala ya akiba) ya kabla ya uvamizi, kwani wavamizi hupenda kuacha ekstensheni moja mpya kama mlango wa uani.

Ijumaa hii kabla ya kufunga ofisi, zima Wi-Fi kwenye simu yako, washa data, andika kwenye kivinjari anwani ya nje ya ofisi. Ukikuta nembo ya mtambo na sehemu ya kuweka nywila, umepata kazi ya jioni hiyo. Kwa poti 5060 kivinjari hakitakusaidia. Mtu wa TEHAMA aipime kwa nmap, programu ya kukagua poti, akiwa nje ya mtandao wa ofisi. Halafu inua simu ya mapokezi, piga namba yoyote ya nje ya nchi unayoijua, uone kama itaita. Ikiita, mpigie fundi kabla hajapanda basi.