Kujaza mafuta alfajiri hakukuongezei kitu

Madereva wengi, hasa wa bodaboda na daladala, wanaamini kwamba ukijaza petroli alfajiri unapata mengi zaidi, kwa kuwa baridi huyafanya mafuta yasinyae. Nawaelewa: bei ilivyo, kila tone ni hela.

Msingi wake ni wa kweli. Pampu hupima ujazo, si uzito, na petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kila joto linapopanda nyuzi moja ya Selsiasi. Ila mafuta ya sheli hukaa kwenye matangi yaliyofukiwa ardhini, na udongo haupati joto wala kupoa haraka kama hewa ya juu. Kati ya alfajiri na saa nane mchana, joto la mafuta yale hubadilika kidogo mno. Hata tukikubali tofauti ya nyuzi mbili, kwenye lita 20 ni kama mililita 40 tu.

Kinacholinda fedha yako ni mita iliyo ndani ya pampu. Mara nyingi ina pistoni zinazojaa na kumwaga kiasi kilekile kila mzunguko, na mzunguko huo ndio unaohesabiwa kwenye kioo. Pistoni zikilika, hesabu hupotea, iwe asubuhi au jioni. Ndiyo maana Tanzania Wakala wa Vipimo huhakiki pampu kwa chombo maalumu cha kupimia, kisha hufunga mita kwa lakiri. Basi kabla ya kujaziwa, hakikisha kioo kinasoma sifuri, na ukiona lakiri imekatwa, toa taarifa kwa Wakala.