Waridi likilegea, usikimbilie yurea

Mwezi uliopita mama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara mjini, aliniletea waridi lake kitaluni, limepandwa kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Majani yalikuwa yamelegea na udongo umelowa chepechepe. "Mwanangu, nimelitia mbolea ya yurea mara tatu, bado linanyong'onyea tu." Tukaipindua ndoo. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Nikaushika mmoja kwa vidole viwili, nikavuta taratibu: ganda likavuka lote, ukabaki uzi mwembamba wa ndani. Hiyo ndiyo dalili ya pithiamu, kimelea kinachoozesha mizizi.

Aliyoambiwa mama yule na watu, na mengine kama hayo, nayasikia kila wiki kwa wateja, wa Mikindani mpaka wa Lindi.

"Ua likinyauka lina njaa." Hapana. Ua lenye njaa ya naitrojeni hugeuka manjano polepole, likianzia majani ya chini, wala halilegei ghafla. Likilegea ilhali udongo una maji, shida iko mizizini. Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Ikiingia udongoni, vimeng'enya vya vijidudu huigeuza amonia, na ndani ya ndoo amonia ikizidi huunguza ncha za mizizi. Pithiamu hupenya kirahisi kwenye mizizi iliyojeruhiwa, hasa udongo ukiwa haupitishi maji. Lile waridi likaendelea kumwagiwa maji kila jioni kwa huruma, maskini, na ugonjwa ukazidi.

"Mbolea ni chakula cha ua tu, udongo hauhusiki." Hapa ndipo ninapotamani kila mwenye bustani anisikilize. Bakteria wa udongo huibadili amonia kuwa naitreti, aina nyingine ya naitrojeni inayofyonzwa na mimea, na kazi hiyo huacha tindikali. Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo inayoongeza tindikali zaidi. Udongo wetu mwingi ni kichanga, mboji yake ni haba, na kule juu Newala na Tandahimba tayari una tindikali, kwa hiyo hauna cha kuizuia. Ukiwa na bustani jirani na mikorosho, kumbuka pia salfa ya unga inayopulizwa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe: ikianguka chini, bakteria huigeuza tindikali vilevile. Sasa, fangasi wa mnyauko fusari hustawi kwenye udongo wa namna hiyo, hasa naitrojeni ikiwa ya amonia. Wakulima wa maua ya krisanthemamu waliupunguza mnyauko huo kwa kuweka chokaa hadi pH, kipimo cha tindikali, ikafika kati ya 6.5 na 7, na kwa kutumia mbolea za naitreti. Mmea uliokwisha kushikwa hauponi kwa njia hiyo; wanaokingwa ni wenzake.

"Ya dukani inaua vijidudu, samadi haina madhara." Mbolea ya dukani ikitiwa kwa kipimo haiangamizi vijidudu, ikizidi, hubadilisha wanaotawala udongoni. Samadi mbichi ya kuku nayo hutoa amonia na kuunguza vilevile. Subiri iive. Ikiiva haina joto ukitia mkono, haitoi harufu kali, na huwezi kutambua ilitokana na nini. Hiyo ndiyo inayolisha trikoderma, fangasi rafiki wa udongoni, na bakteria wanaogombania chakula na nafasi na vimelea. Kwangu mimi, debe moja la mboji iliyoiva linashinda mfuko wa yurea.

"DAP nyingi, maua mengi." DAP ni mbolea yenye fosforasi nyingi. Fosforasi ikizidi, kuvu rafiki wanaoishi na mizizi ya waridi na asmini hupungua, nao ndio wanaoisaidia mizizi kufika pasipofikika.

"Majivu yanatibu kila kitu." Hupunguza tindikali, basi. Usiyachanganye na SA, kwani naitrojeni itapotea hewani kama amonia.

Waridi la yule mama halikuokoka. Tulikata vipandikizi vinne kwenye matawi ya juu yaliyokuwa mazima, tukavipanda kwenye viriba vyenye mchanga na mboji kidogo, bila mbolea yoyote. Ndoo tuliisugua kwa sabuni, tukaongeza matundu chini, na udongo ule tukaufukia mbali na bustani. Jana nimevitazama: viwili vimeanza kuchipua.